Kifutio Kinachonuka Samaki

Kwenu walimu mnaochukua darasa langu,

Katika droo ya chini ya kabati mtakuta nusu pakiti ya chaki, kamusi isiyo na jalada, na kifutio kilichoshonwa kwa matambara. Chaki tumieni. Kamusi itunzeni; ukurasa mmoja wa herufi Q haupo, lakini katika miaka yangu yote hakuna aliyewahi kuuulizia. Kifutio nacho, mkikisogeza puani, kinanuka samaki kidogo. Msikioshe. Sababu nitaieleza, ila kwa mpangilio, maana nimestaafu na sina haraka tena.

Nilifika hapa nikiwa na cheti kipya na viatu vinavyobana. Darasa la watu wazima, au ngumbaru kama watu wanavyoliita, lilikuwa katika jumba lile lile la kanisa la mabati mnalolijua, upande wa Kibera unaopakana na Ayany, kuanzia saa nane mchana hadi saa kumi. Nilitoka kwangu, mtaa wa Kongo huko Kawangware, kwa miguu, nikachelewa. Nilipoingia nikihema, mzee mmoja mwenye koti la bawabu alisogea kwenye benchi akanipisha.

"Kaa hapa, mama," akaninong'oneza. "Usiogope. Hata mimi nilikuja hivyo hivyo, sijui kitu."

Nikakaa. Nilikuwa mwanafunzi kwa dakika kumi nzima, na nakiri nilijifunza, mpaka mwalimu aliyekuwa mbele akauliza kama kuna mtu amemwona yule mwalimu mpya aliyeahidiwa. Nilipoinua mkono, yule mzee alinitazama kama mtu aliyeibiwa. Jina lake Makokha. Alikuwa akilinda lango la watu Kilimani, na alikaa darasani mwangu miaka mingi kuliko sheria yoyote inavyoruhusu. Hakuhitimu, wala hakutaka.

Mwalimu wa mbele alikuwa Madam Philo, na kila kitu kizuri mlichowahi kuniona nikifanya ni chake. Alinifundisha kufunga kipande cha chaki kwa karatasi ili vidole visikauke. Alinifundisha kutosahihisha mtu mzima mbele ya mtu anayemwogopa. Zaidi ya yote alinifundisha sheria ya sentensi ya kweli. Neno jipya linaandikwa pembeni mwa ubao, juu, mkono wa kushoto. Kila mwanafunzi lazima atoe sentensi yake akitumia neno hilo, na sentensi iwe imetokea kweli maishani mwake. Habari za paka kukaa juu ya mkeka hazitakiwi, isipokuwa una paka na una mkeka. Neno halifutwi mpaka mtu wa mwisho aseme yake, na mtu wa mwisho kabisa ni mwalimu mwenyewe.

"Neno ambalo hujalitumia kusema ukweli," Madam Philo alizoea kusema, "bado umeliazima tu."

Sheria hiyo ilinitesa. Neno "borrow", yaani kukopa, liliisha kwa siku moja, kila mtu alikuwa na sentensi tano. Neno "apologise", yaani kuomba msamaha, lilikaa ubaoni wiki tatu. Waumini wa kanisa walisali Jumapili tatu wakilitazama, na mchungaji akaniambia kwamba limemsaidia sana.

Madam Philo alipoondoka kwenda kupumzika kwao, aliniachia kamusi na sheria. Basi nikaendelea, mwaka baada ya mwaka, mpaka nikafika mwisho wa 2007. Hapo mbele, kwenye benchi la dirishani, nilikuwa na wanawake wawili ambao kila mwalimu anapaswa kuwa nao mara moja maishani, na si zaidi ya mara moja.

Wa kwanza alikuwa Mama Ciru, fundi cherehani wa Soko la Toi. Alipunguza mitumba na kurekebisha suruali, mkono wake ulikuwa safi, na mdomo wake ulikuwa mkali kama mkasi. Alitaka Kiingereza kwa sababu wateja wa Barabara ya Ngong walikuwa wakimwambia "tapered", yaani ibane chini, na yeye anakata "straight". Wa pili alikuwa Auma, muuza samaki wa kukaanga, ambaye pia alifagia kanisa na kufua vitambaa vya madhabahu. Auma alitaka Kiingereza kwa sababu, nilipomuuliza, alisema, "Nataka tu, Mwalimu. Kwani lazima?"

Walikaa benchi moja kwa sababu hakuna aliyekubali kumwachia mwenzake dirisha. Mama Ciru alikuja na vitambaa vya wateja kwenye mfuko, na kila siku alianza somo kwa kuuhamisha mfuko ule upande wa pili.

"Auma, samaki yako itaingia kwa nguo za watu."

"Wacha iingie. Si watakula wakivaa?"

Darasa lilicheka, nami niligonga ubao, na hivyo ndivyo tulivyofungua kila kipindi kwa mwaka mzima. Lakini mvua ikinyesha waliondoka pamoja chini ya mwavuli mmoja, wakigombana kuhusu nani anaulowesha mfuko wa nani.

Wiki ya mwisho kabla ya kufunga kwa ajili ya Krismasi na uchaguzi, niliandika pembeni mwa ubao neno "conceal". Waliuliza tofauti yake na "hide", ambalo walilijua. Nikawapa jibu la Madam Philo. Mtoto akicheza anakwenda nyuma ya mlango, basi, amejificha, hilo ni "hide" na yamekwisha. "Conceal" ni neno la mtu mzima aliyevaa tai. Linataka ujibu maswali mawili kabla ya kulitumia: unaficha nini, na hutaki nani ajue? Ukishindwa kujibu, rudi kwa mlango wako ukacheze.

Sentensi zikaanza kumiminika. Mama mmoja anayefanya kazi ya nyumba Ayany alisema anawaficha mende sukari. Nikamwambia mende hawafichwi kitu, wanajua. Makokha akasimama na koti lake akasema kwa Kiingereza kilichonyooka kuliko mgongo wake: "I conceal my sleep from my boss." Nikampa alama ya vema kubwa, maana kulala kwake kazini kulikuwa kweli na hata bosi alikujua. Ikafika zamu ya Mama Ciru.

"Mimi, Mwalimu, sina kitu naficha. Mimi ni mtu wa wazi."

"Hata miaka yako?" Auma akauliza.

Hapo kelele zikapanda mpaka kengele ikalia. Kengele yenyewe ni mimi na kijiko na sufuria. Tukafunga. Watu watatu walikuwa hawajasema: Mama Ciru, Auma na mimi. Sheria ni sheria, nikaliacha neno ubaoni nikawatakia sikukuu njema.

Mnajua kilichofuata, au mmesimuliwa na waliowalea. Matokeo ya uchaguzi yalitangazwa, majirani wakageukiana kwa makabila, na moshi ukapanda. Mama Ciru alitoroka siku hiyo hiyo, mtoto mmoja mgongoni na mwingine mkononi, kwa sababu lugha aliyozaliwa nayo ilikuwa lugha mbaya kwa mtaa wake wiki ile. Aliacha kila kitu. Alikwenda kwa dada yake Kawangware, umbali wa vichochoro vichache kutoka kwangu. Kwetu Kongo nako hakukuwa shwari, kuna siku tulilala chini ya vitanda badala ya juu, lakini angalau alikuwa na ukuta na ndugu. Cherehani yake ilibaki sokoni, na soko likaungua.

Nilikwenda kumwona mara barabara ilipopitika. Nilimkuta akichambua maharagwe, mikono yake haijui pa kukaa. Cherehani ile ilikuwa ya mama yake. Ilikuwa na meza ya mbao yenye miguu ya chuma, ile ya kukanyaga, na kichwa cheusi kilichofutika rangi pale mkono wa mama yake ulipokuwa ukishika. "Watoto wamekula kutoka kwa hiyo mashini tangu wazaliwe," aliniambia. "Hata mimi nimekula kutoka kwa hiyo mashini tangu nizaliwe." Hakulia. Nilitamani angelia, ningejua la kufanya.

Tulifungua darasa tena katikati ya Februari. Waliorudi walikuwa nusu. Jumba lilikuwa zima, ubao ulikuwa mzima, na pembeni, juu, mkono wa kushoto, neno langu lilikuwa linaning'inia pale pale. Meza yangu tu ndiyo iliyotoweka. Naamini iliwachemshia watu chai wakati wa shida ya Januari, na siwalaumu. Mahali pake palikuwa na meza nyingine, ndogo na nyembamba, imefunikwa kwa kitambaa cheupe cha kanisa kilichofika mpaka sakafuni.

"Hiyo anahubiria mchungaji," Auma alinieleza. "Unaweza kuweka register juu. Lakini usiinue kitambaa, kimeombewa."

Nikaweka rejista. Nikaweka chaki. Nikaegemeza viwiko vyangu vyote viwili. Kila nilipokaa, mguu wangu uligonga kitu huko chini kikayumba na kulia kwii. Nilidhani ni fanicha ya kidini. Mchungaji naye alikuwa akilalamika kwamba kila roho ikimpanda na kuanza kukanyaga sakafu, meza inamwitikia.

Siku ile ile ya kufungua, nilipita Toi nikirudi nyumbani. Wauzaji walikuwa wamesimamisha vibanda vipya juu ya majivu, na mama mmoja wa mboga aliyenijua akanivuta kando.

"Yule wa samaki wa darasa yako," akasema. "Siku ya moshi nilimwona na macho yangu, anatoka kwa kibanda ya Mama Ciru na karai kwa kichwa. Shingo imekazika hivi. Samaki haiwezi kuwa nzito hivyo, Mwalimu."

Hapa ndipo ninapoomba msome polepole, nyinyi vijana, kwa sababu hili ndilo kosa kubwa nililowahi kufanya kazini, na halikufanyika ubaoni. Ningeweza kunyamaza. Ningeweza kurudi nikamuuliza Auma. Badala yake habari ile ilinichoma ulimi njia nzima, na kabla sijafika kwangu nilikuwa nimesimama mlangoni kwa dada yake Mama Ciru, nikisema yote, na shingo nikiionyesha jinsi ilivyokazika.

Mama Ciru aliweka ungo chini. "Tumekaa benchi moja mwaka mzima," akasema. Kisha akauokota ungo tena. "Mwalimu, asante. Sasa enda nyumbani."

Nilikwenda nyumbani nikiwa na uhakika kwamba nimetenda haki. Uhakika huo ulidumu mpaka usingizi ulipokataa kuja.

Wiki zilizofuata nilifundisha nikimtazama Auma kwa jicho la pembeni. Alikuwa yule yule, mcheshi, akifagia kabla ya somo, akitandaza kile kitambaa cheupe kwa mkono wa upole. Kila nilipomdai sentensi alinijibu, "Bado inaiva, Mwalimu."

"Auma, sentensi si maharagwe."

"Hii ni ya maharagwe kabisa. Ngoja tu."

Na kila kipindi kikiisha aliuliza swali moja, akijifanya anakunja kitambaa: "Mama Ciru atarudi lini?" Mimi, hakimu mkuu, nilisikia swali hilo nikaliona ujanja wa mwizi anayetaka kujua kama mwenye mali yuko karibu. Nilijibu kwa ubaridi kwamba sijui.

Wakubwa wa siasa wakashikana mikono, watu wakashangilia mitaani, na njia ya kutoka Kawangware mpaka Ayany ikawa njia ya kila mtu tena. Nikarudi kwa Mama Ciru. Sikuwa na mpango wa kupatanisha mtu. Nilichokuwa nacho ni ubao uliokwama, na mwalimu aliyekwama ni mtu hatari. Nikamwambia neno lake bado liko.

"Neno gani?"

"Lile la Desemba. Umebaki wewe na Auma na mimi. Siwezi kuandika lingine."

Akacheka kicheko kifupi kisicho na furaha. "Sasa niko na sentensi," akasema. "Kesho nakuja."

Alikuja. Alikuwa amevaa gauni lake zuri, mfuko wa vitambaa hana, na alipoingia darasa zima liliinuka na kelele za furaha, "Mama Ciru! Karibu bana! Umepotea sana!" Makokha alitaka kumkumbatia akakumbuka umri wake. Auma hakuinuka. Alibaki benchi la dirishani, mikono miwili mdomoni, macho yamejaa maji. Mimi nikasema moyoni, hatia hiyo.

Mama Ciru hakukaa. Alisimama katikati ya jumba, akanyoosha kidole.

"Auma steal my machine," akasema.

Nilijua maneno yale ya wizi yametoka wapi. Yalitoka kwangu. Nilifungua mdomo ili niseme kitu, chochote, na niliyemsikia akisema ni Makokha, kutoka benchi la nyuma, akiwa mtulivu kabisa.

"Hiyo si neno ya ubao, Mama Ciru. Sheria ni sheria. Tumia ile ya ubao."

Nilitaka kumrukia. Lakini Mama Ciru, kwa hasira yake yote, alikuwa mwanafunzi mzuri. Aligeuka, akalisoma neno. Kisha akarudi kumkabili Auma, akasema, neno kwa neno, bila kosa hata moja:

"Auma concealed my machine."

Auma akaruka. Akaruka kwelikweli, miguu yote miwili ikaachana na sakafu.

"Yawa! Hiyo sasa ni ya kweli! Mwalimu, mpee tick!" Akaja mbele mbio, akafika kwenye meza yangu, akaiondoa rejista yangu akanipa, akaiondoa chaki yangu akanipa, akashika ncha za kile kitambaa kilichoombewa, akavuta.

Ilikuwa meza ya cherehani. Miguu ya chuma, ubao wa kahawia, shimo la kichwa, na huko chini kile cha kukanyagia kilichokuwa kikigongana na mguu wangu mwezi mzima. Nilikuwa nimemhukumu mwanamke yule, kipindi baada ya kipindi, nikiwa nimeegemea ushahidi wake kwa viwiko viwili.

"Ngojeni," Auma akasema. "Hiyo ni nusu. Msiongee, msimalize, ngojeni." Akatoka mbio.

Wakati tukingoja, Makokha alisimulia, kwa kuwa naye alikuwamo. Siku ya moshi yeye na Auma walikuwa wamekimbilia Toi kabla vijana wenye viberiti hawajafika. Auma alichukua kichwa cha cherehani, yeye akachukua meza mgongoni. Njiani kikundi kikamsimamisha, kikamuuliza anabeba mali ya nani. "Nikawaambia ni meza ya kanisa, inaenda kuombea amani. Mmoja akasema basi tuombee sisi kwanza. Mimi, tangu niliposimama na mke wangu mbele ya padri sijaomba kitu. Siku hiyo niliomba, mwalimu, dakika kumi! Niliomba mpaka wakanisaidia kubeba." Na ili isiwe uongo, wakaipeleka kanisani moja kwa moja.

"Na mbona hukuniambia?" nikamuuliza.

Makokha akatazama dari. "Auma alisema usiambiwe. Kusema kweli, hatukubishana."

Auma akarudi na karai kichwani, shingo imekazika vile vile nilivyoionyesha kwa majivuno kule Kawangware. Akalitua. Juu palikuwa na samaki. Akawatoa mmoja mmoja, akiwapanga kwenye benchi kama wanafunzi, kisha gazeti, kisha nailoni, kisha kichwa cheusi, kikubwa, kilichofutika rangi pale mkono wa mama ulipokuwa ukishika. Uzi mwekundu wa Desemba ulikuwa bado uko kwenye sindano.

"Kila mtu alikuwa anauliza nani anaweka vitu za wale walihama," Auma akasema, na sasa alikuwa akimwambia Mama Ciru peke yake. "Nyumba ingechomwa. Nikaweka chini ya kitanda, samaki juu. Nani atapekua samaki? Nikasema sitapea mtu, sitatuma na mtu, nitakupea wewe kwa mkono. Sikuwa na namba yako. Kila siku namuuliza Mwalimu unarudi lini. Anasema hajui."

Mama Ciru alipiga magoti akaukumbatia ule mzigo wa chuma, akaweka shavu lake juu yake, na hatimaye akalia. Alilia kwa sauti, na sisi sote tukalia naye, hata yule mama wa mende.

"Usilie juu ya chuma," Auma akamwambia, naye akibubujikwa. "Itashika kutu."

"Auma," Mama Ciru akasema bila kuinua shavu, "mashini ya mamangu inanuka samaki."

"Si nilikuambia itaingia?"

Wakacheka mpaka wakaangukiana. Sijawahi kuona furaha ya namna ile mahali popote, na nimehudhuria harusi nyingi. Makokha akaleta bisibisi aliyokuwa nayo kwa sababu zake mwenyewe, kichwa kikafungwa mezani, Mama Ciru akakaa akakanyaga. Ikaimba. Akaomba tambara lolote. Tukampa mabaki ya kila tulichokuwa nacho, akashona pale pale, mkunjo juu ya mkunjo, kitu cha kwanza kilichomjia akilini, kifutio cha ubao.

Lakini ubao haukuwa tayari kufutwa. Auma alikuwa hajasema. Alikuja akachukua chaki mkononi mwangu, akaandika kwa Kiingereza, polepole, ulimi ukichungulia pembeni mwa mdomo. Kwa Kiswahili ni hivi: Nilimficha mwalimu wangu mashini, kwa sababu nilitaka ifike salama.

Niliisoma mara mbili nikitafuta kosa. Nililitaka kosa lile kwa moyo wangu wote. Halikuwapo. Alikuwa amejibu maswali yote mawili, ameficha nini na hakutaka nani ajue. Nikaitia alama ya vema.

"Bado mtu mmoja," Makokha akakumbusha kutoka nyuma.

Darasa zima likanigeukia. Nimewahi kusimama mbele ya wakaguzi, na nimewahi kusimama mbele ya mama mkwe wangu, na hakuna siku nilitafuta neno nikalikosa kama siku ile. Nilipolipata, lilitoka dogo. Nilisema kwa Kiingereza, kisha nikarudia kwa Kiswahili ili mtu yeyote asiseme hakusikia. Sijawahi kuficha kitu chochote maishani mwangu, na ninaomba msamaha. Nikamwambia Auma niliyoyasema Kawangware. Nikayasema yote, na shingo.

Auma alinisikiliza mpaka mwisho, mikono kiunoni. Kisha akamtazama Mama Ciru, na Mama Ciru akamtazama, na nikaona wamekubaliana jambo bila kutamka.

"Mwalimu, wewe si mtu mbaya," Auma akasema. "Wewe ni redio tu. Sasa, njoo hapa."

Akanivuta sikio, akaninong'oneza. Maneno machache tu, siri yake mwenyewe, ambayo hakuwa amemwambia yeyote katika jumba lile, hata Mama Ciru. Akarudi nyuma, akanitazama.

"Tuone," akasema.

Nikachukua kifutio kipya, nikalifuta neno.

Mama Ciru alirudi Toi, na kwa miezi kadhaa wateja wake walilalamika kwamba paka wanazifuata suruali zao. Yeye na Auma walibaki benchi la dirishani mpaka walipomaliza, wakigombania hewa. Makokha amezeeka sana, lakini bado anakuja. Mkimwona akimpisha mtu mlangoni na kumwambia asiogope, mwulizeni kwanza yule mtu kama si mkaguzi.

Nimewaachia sheria ya sentensi ya kweli, na nimewaachia kifutio. Auma alikuja kwenye sherehe yangu ya kustaafu, mvi kichwani, akanikuta nikimwaga hadithi kwa meza nzima, akaniinamia na kuniuliza, "Na ile yangu?"

"Ipo," nikamjibu.

Ipo mpaka leo. Mume wangu haijui, dada zangu hawaijui, na nyinyi, kwa mapenzi yote niliyonayo kwenu, hapa hamtaipata.